Muulize Bi Hojaji: Wao wanaondoka na digrii, sisi tunabaki na soda

Jina la Bi Hojaji sikujipa. Nilipewa Msambweni na watoto waliokuwa wakinifuata njiani, maana kila nikitokea nina karatasi kwapani. Nilianza kama karani wa sensa Agosti 1999, nikaendelea kuwabebea watafiti maswali yao nyumba kwa nyumba mpaka goti lilipogoma. Mwezi huu barua nyingi zinalia kilio kimoja: watu wamechoka kuulizwa. Ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaficha.

*Shikamoo Bi Hojaji. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Kwale, pwani ya kusini. Tangu niolewe nimehojiwa mara nne. Wa kwanza alitaka kujua tunakula nini, wa pili mambo ya uvuvi, wa tatu haki za wanawake. Wa nne sijui alitaka nini, alikuwa na haraka. Wote walisema utafiti wao utaleta haki kwa jamii zilizotengwa. Walichotuachia ni soda na kipande cha sabuni. Juzi nimesikia wa tano yuko njiani. Nikimfungia mlango nitakuwa nimekosea?* – Mama wa Wanne

Marahaba, mama. Mlango ni wako na komeo ni lako. Ile karatasi ya ridhaa tunayoisoma mbiombio kama utingo anayeita abiria, ndani yake mna maneno yanayosema unaweza kukataa, au kukatisha katikati, na usiulizwe sababu. Mzee wa kijiji hawezi kukulazimisha, wala chifu. Wakati mwingine mtafiti huja na mzee wa kijiji ubavuni makusudi, ili mtu aone haya kukataa. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, tena si mara moja, na siku hizo nikijiona mjanja.

Lakini kabla hujatia komeo nikupe kisa. Mwaka 2009 nilikuwa na mradi wa chuo kimoja, jina nitaliacha, katika kijiji cha wavuvi kisicho mbali na kwenu. Tulihoji nyumba kwa nyumba wiki tatu. Kila nyumba nilimalizia kwa maneno niliyofundishwa: matokeo yatarudi kwenu baada ya miezi sita. Nilisema kwa moyo mweupe. Mradi ukaisha, mkuu wake akahamia nchi nyingine, ripoti ikabaki huko ilikobaki.

Miaka mitano baadaye nikarudi kijiji kilekile na mradi mwingine. Nikapiga hodi kwa mama mmoja wa makamo, nikakaribishwa, nikapewa kigoda. Yeye hakuketi. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule la mistari, gamba limeliwa na mende pembeni, akalifungua mapajani. Humo, kwa mwandiko wa mwanawe wa darasa la sita, alikuwa ameorodhesha kila aliyewahi kumhoji: tarehe, jina, alikotoka, alichoahidi. Mimi nilikuwa wa tatu. Kwenye safu ya ahadi pameandikwa "Miezi 6". Safu iliyofuata, ya kutimiza, ilikuwa tupu kuanzia juu mpaka chini. Akanipa kalamu. "Andika tena, mwanangu. Safari hii utie na sahihi." Nikatia. Kalamu yenyewe ilikuwa haitoi wino vizuri, ikabidi nipitishe mara mbili.

Safari hiyo matokeo yalirudi, kwa sababu nilimsumbua msimamizi wangu mpaka akanipa ukurasa mmoja wa Kiswahili. Tuliusoma chini ya mwembe, Ijumaa baada ya swala ili wanaume wawepo, na wanawake nao wakaja na watoto migongoni. Nikasoma kwamba wavuvi wa kijiji hiki wote ni wanaume. Upande wa kina mama pakapita kicheko, halafu kicheko kikageuka kelele. "Na pweza anachokolewa na nani?" Bamvua likifika na maji yakikupwa mbali, ni wanawake wanaoteremka miambani na vijiti vyao vya chuma, wanachungulia tundu moja moja, wanarudi na pweza wa kuuza. Karo za shule nyingi pale zilikuwa za pweza.

Tulikosea wapi? Swali letu liliuliza: una chombo cha kuvulia, au unafanya kazi katika chombo cha mtu? Mwanamke aendaye miambani kwa miguu akajibu hapana, na sisi tukafuata mshale uliochorwa kwenye fomu, tukamrusha hadi sehemu ya mama wa nyumbani. Hakuna aliyedanganya. Waliojibu walijibu kweli, tulioandika tuliandika kweli, na bado wavuvi wanawake wa kijiji kizima wakafutika. Ripoti ya namna hiyo ndiyo inayoshikwa mkononi wakati wa kugawa mikopo, majokofu ya samaki, hata viti vya BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo wa wavuvi. Wala kosa lisingeonekana chuoni, kwa kuwa chuoni hakuna aliyewahi kuchokoa pweza.

Ndiyo maana sikuambii umfungie huyo wa tano. Mfungulie daftari. Mwombe leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inamtaka awe nayo, na ina kile kimraba cha madoadoa ambacho kijana yeyote mwenye simu anaweza kukipiga picha akaona kama ni ya kweli. Mwombe nambari ya kamati ya maadili iliyoidhinisha maswali yake. Iko chini kabisa ya karatasi ya ridhaa, pale ambapo msomaji huwa ameshakunja. Kisha muulize matokeo yatarudi lini, yatasomwa na nani, na kwa lugha gani. Akisema yatakuwa mtandaoni, mwambie mwembe wenu hauna mtandao.

Na msimame pamoja, mama. Mmoja akiuliza huonekana mkorofi. Wasan wa Afrika Kusini, ambao wamechunguzwa damu, lugha na hata nyayo kwa vizazi, walichoka kama wewe. Mwaka 2017 wakaandika kanuni zao wenyewe za utafiti: mtafiti aje na heshima, ukweli, haki na kujali, apitie kwa viongozi wao, na arudi alivyoahidi. Asiyetaka, asije. Kijiji chenu hakihitaji wakili kuandika ukurasa wa namna hiyo.

*Bi Hojaji, mbona kila anayekuja anaangalia paa langu kabla ya kunisalimia? Halafu anauliza choo. Mara maji nachota wapi, mara taa ni ya nini. Ndiyo elimu hiyo?* – Mzee wa Makuti, Tana River

Shikamoo mzee wangu. Anayeangalia paa kabla ya salamu hana adabu, na hilo halina utetezi wa kitaalamu. Ama maswali yenyewe, yana sababu. Mtu ukimuuliza mapato yake kwa mwezi, ama hajui, kwa maana leo anauza maembe na kesho anapalilia shamba la mtu, ama anajua na hakuambii. Paa, sakafu, maji na choo havina siri. Ukivijumlisha unapata picha ya hali ya nyumba bila kumpekua mtu mfuko.

Na picha hiyo hutembea mbali. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 204, iliunda Mfuko wa Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Swali likawa, yaliyoachwa nyuma ni yapi? Sera ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14. Tana River yenu imo, Kwale imo, Kilifi, Lamu na Taita Taveta zimo. Huku pwani ni Mombasa peke yake iliyobaki nje. Lakini kaunti ni kubwa. Mtu wa mjini Hola na mtu wa ng'ambo kabisa ya mto wakahesabiwa sawa, na maskini wa kaunti yenye jina zuri hakuhesabiwa kabisa. Sera ya pili, ya 2018, ikashuka mpaka kata ndogo, ikataja maeneo 1,424 katika kaunti 34. Ingeshukaje bila kujua watu wa kata ndogo fulani wanachota maji wapi, wana choo gani, wanawasha nini usiku na wamesoma hadi wapi? Ni majibu yako yaleyale, mzee, ingawa yaliyotumika ni ya sensa na si ya mwanafunzi wa jana. Pesa zenyewe kufika ni hadithi nyingine, na najua mmezisubiri.

Ila sema kweli. Nimewahi kuona mtu akificha pikipiki chini ya makuti tulipotokea, na jirani yake akaazima televisheni ili tusimdharau. Siku hiyo niliandika nyumba mbili, zote za uongo, moja ya kimaskini na moja ya kitajiri.

*Habari Bi Hojaji. Nimepata kibarua cha kukusanya data, fomu 40 kwa wiki, tunalipwa kwa fomu. Baadhi ya nyumba ziko ng'ambo ya mto na mto umefurika. Mwenzangu anakaa kibandani na chai anajaza zote kwenye simu, anasema majibu ni yaleyale tu. Nimechelewa nyuma yake na pesa naihitaji.* – Kijana wa Garsen

Kwanza, mwenzako atashikwa. Simu hiyo inaandika saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mahali ulipo. Mahojiano ya dakika arobaini yakimalizika kwa dakika nne, tena yote chini ya bati la kibanda kimoja, mtu wa ofisini hahitaji digrii kuliona.

Pili, nyumba isiyofikika ni habari yenyewe. Utafiti wenu ni wa watu waliotengwa, sivyo? Basi waliotengwa kuliko wote ni hao wa ng'ambo, ambao mto ukijaa hawafikiwi na muuguzi, mwalimu wala wewe. Mwenzako akiwajazia majibu ya watu wa barabarani, amewavusha mto kwa uongo na kuwapa zahanati wasiyo nayo. Andika "haikufikiwa, mto umefurika", weka tarehe, na mwandikie msimamizi ujumbe leo. Kwa maandishi, usimpigie.

Tatu, lawama si ya mwenzako peke yake. Anayelipa kwa fomu na asilipe mtumbwi, anajua anachokinunua. Mimi mwaka mmoja nilitembea siku tisa na malipo yakaja ya siku tano, kwa kuwa "fomu hazikutimia". Nilinyamaza, na nilikosea. Uliza nauli na siku za mvua kabla hujatia sahihi mkataba.

*Bi Hojaji, nasomea shahada ya uzamili na utafiti wangu uko Kilifi vijijini. Je, niwalipe wahojiwa? Na wengine wananikimbia wakisema mimi ni wa wanyonya damu, ingawa nauliza maswali tu!* – Mwanafunzi

Usinunue majibu, lakini lipa muda. Aliyeacha kupasua kokoto kwa saa moja akusikilize amepoteza kitu. Ama kiasi, waulize wazee wa hapo kipi ni sawa, kiwe kimoja kwa wote, kiandikwe kwenye maombi yako ya kibali, na kitolewe hata kwa aliyekatisha katikati. Ukimpa baada ya kumaliza tu, umemfunga kwenye kigoda.

Damu: usicheke, mwanangu. Kilifi kuna kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI tangu 1989, na watoto wetu wengi wamepona malaria kwa kazi iliyofanyika pale. Hata hivyo uvumi ulizagaa miaka na miaka kwamba damu inauzwa. Mama anaona mwanawe anatolewa damu, kichupa kinaondoka na gari, na hakuna anayerudi kumwambia kilichoonekana. Ungewaza nini? Kituo kikaanza kufanya kazi na wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe, wa kubeba maswali kwenda na majibu kurudi. Tafuta mwakilishi wa eneo lako kabla hujafungua begi, ukae naye, unywe chai yake.

*Assalaam alaykum Bi Hojaji. Babu yetu alikuja na jahazi kutoka Pemba kabla ya uhuru. Mimi nilipata kitambulisho 2023. Kabla ya hapo hata laini ya simu ilikuwa kwa jina la jirani, na leseni ya uvuvi pia. Sasa amekuja mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya watu wasio na uraia. Anataka jina la babu, mwaka aliokuja, na nani nyumbani bado hana kitambulisho. Mdogo wangu hana. Nimtaje?* – Mwana wa Nahodha

Waalaykum salaam. Mdogo wako usimtaje. Habari yake ni yake, na akitaka kuisema ana mdomo. Yako wewe unaweza kuitoa, na nikueleze kwa nini huenda ukataka.

Serikali yoyote, ukiiendea na shida ya uraia, swali lake la kwanza ni: mko wangapi? Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, walikaa miongo wakiitwa wageni. Oktoba 2016 wakatoka Kwale kwa miguu hadi Nairobi kudai uraia. Watu wanakumbuka ile safari, na ni haki yao kuikumbuka, lakini nyuma yake kulikuwa na miaka ya kuandikana, nani mtoto wa nani, nani amezaliwa wapi. Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe, walipewa uraia Desemba 2020, na mwaka mmoja nyuma hali zao zilikuwa zimechunguzwa nyumba kwa nyumba, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likiwemo. Nyinyi Wapemba mkafuatia, na Julai 2023 vitambulisho vikatolewa Kilifi. Bila hesabu, ombi lenu lingebaki kuwa kelele za watu wachache wa ufuoni.

Lakini ulikuwapo, unajua. Kabla ya 2023 orodha hiyohiyo ikiangukia mkono mwingine ingekuwa orodha ya kukamata watu alfajiri. Kwa hivyo muulize huyo mwanafunzi jina la babu analitakia nini. Tasnifu haihitaji majina. Aandike "Mhojiwa wa 7" na kisa kitabaki kilekile. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu kabila na asili ya mtu, pamoja na majina ya wazazi na watoto wake, kuwa habari nyeti. Una haki ya kujua zimewekwa wapi, na unaweza kuondoa ridhaa yako hata baada ya kuitoa. Kama hajui kukujibu hilo, hayuko tayari kuja kwako.

Jambo moja zaidi, na hili nimelishika kwa mikono yangu. Kuna nyumba moja niliingia, bibi akanitolea mkebe wa zamani wa Kimbo. Ndani, ikiwa imekunjwa mara nne, mlikuwa na stakabadhi ya kodi ya mumewe ya enzi za mkoloni, karatasi imegeuka rangi ya chai, mikunjo inaonyesha mwanga. Mtafiti niliyekuwa naye akafurahi, akaomba aende nayo Nairobi akainakili vizuri. Bibi alikuwa tayari kuitoa. Nilimkanyaga mguu yule mtafiti, Mungu anisamehe, kwa nguvu. Tukaipiga picha palepale kwenye mkeka, ikarudi mkebeni. Mdogo wako siku ya kuomba kitambulisho ataulizwa karatasi za namna hiyo: kadi ya kliniki, cheti cha shule, chochote cha babu. Zisitoke nyumbani, hata kwa mtu mwenye barua ya chuo na sura ya upole.

*Bi Hojaji, mimi nimefundisha miaka thelathini na sijaona utafiti uliomletea maskini haki. Nitajie hata mmoja.* – Mwalimu, Mombasa

Mwalimu, panda matatu ya Mikindani ushuke karibu na Owino Uhuru. Pale ukutani mwa mtaa kiliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi, yenye sumu, kikafanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa humo, akiwa na mtoto anayenyonya. Mtoto akaugua, hospitali ikatafuta malaria, ikatafuta homa ya matumbo, na mwishowe damu ikapimwa ikakutwa na risasi. Angeweza kuishia kwa mwanawe. Yeye akapeleka watoto watatu wa mtaani nao wapimwe, wakakutwa nayo. Watatu tu. Ukinipelekea sampuli ya watu watatu nikuandikie ripoti nitakucheka, lakini damu ya hao watatu ndiyo iliyowatoa wengine nyumbani kutaka kujua yao. Baadaye wakaja wataalamu na vifaa, udongo ukapimwa, maji, vumbi la paani.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha ushindi. Hesabu miaka, mwalimu: mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa amekwisha kuwa na umri wa kidato cha nne.

Na ukitaka wa pili, Waogiek wa msitu wa Mau. Walipewa notisi ya siku 30 mwaka 2009 watoke msituni, kesi ikafika Mahakama ya Afrika kule Arusha. Serikali ilisema wanaharibu msitu na si tofauti na majirani zao. Wazee walitoa ushahidi, na pamoja nao Liz Alden Wily, mtafiti aliyetumia maisha yake kusoma umiliki wa ardhi za kijamii barani. Mei 2017 mahakama ikasema Waogiek ni watu wa asili wa pale na haki zao zimevunjwa, ikakataa kwamba wao ndio waliouharibu msitu. Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 157,850,000, pamoja na kupewa hati za ardhi. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikavunjwa tena upande wa Narok. Umeniomba nikutajie uliomletea maskini haki. Nimekutajia miwili iliyoshinda mahakamani. Tofauti unaiona mwenyewe, na kwa hilo barua yako ina ukweli kuliko nilivyotaka kukiri nilipoifungua.

*Bi Hojaji, nyinyi wasomi mnatuita "jamii za pembezoni". Pembezoni mwa nini?* – Mtu wa Lamu

Mimi si msomi, lakini nimelitamka neno hilo maelfu ya mara, nimestahili kuulizwa. Lamu ilikuwa mji wenye misikiti, mashairi na jahazi za Uarabuni wakati Nairobi ni bwawa. Reli ilifika pale 1899. Anayesema pembezoni amesimama Nairobi, basi.

Serikali hutumia "jamii zilizotengwa", nami nalipendelea, kwa sababu lina mtenda ndani yake: aliyetengwa kuna aliyemtenga. Lakini hata hilo sitaki niwavishe. Huko kwenu bara ya Lamu wako Wadahalo. Sensa ya 2019 iliwapata watu 575 nchi nzima. Wanaisimu wanawapenda mno, maana lugha yao ina zile sauti za kugonga ulimi kama za Wasan, na kila baada ya muda huja mmoja na kinasa sauti. Nakumbuka mzee mmoja kwenye semina, alipomaliza kusikiliza mada mbili juu ya jamii za pembezoni zilizo hatarini kutoweka, aliomba kipaza sauti. Akauliza kama hiyo semina itakuwa na chakula cha mchana, kwa sababu wale walio hatarini walikuwa wametoka nyumbani alfajiri.